Hawi Anajua Kuhesabu Hadi Kumi na Mbili

Mimi huuza miwa Kibuye, nyuma ya wauza viatu.
Namenya, nakata vipingili, natia kwenye mifuko ya karatasi,
na kila jioni kipingili kimoja kilibaki cha mwanangu.
Kwa hiyo msiniulize jino lilioza vipi.

Usiku wa Jumanne aliamka ameshika shavu
kama mtu anayesikiliza simu.
Hakulia. Alisema, "Baba, kuna mtu anagonga humu ndani."
Asubuhi nikaufunga mkokoteni kwa mnyororo.

Milimani kuna kliniki yenye samaki ukutani,
samaki wa rangi ambazo ziwa letu halijapata kuziona.
Hawi akagandisha pua kwenye kioo, akasahau maumivu.
Dada wa mapokezi aliuliza kadi ya bima kabla ya jina,
na niliposema sina, akataja bei kwa upole,
ule upole wa kufunga mlango bila kuubamiza.
Ningelipa. Ningeuza mkokoteni nikalipa,
laiti mtu mmoja tu angeinama amtazame mtoto.

Kondele, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo,
daktari alikuwa na mikono mikubwa
na sifa kubwa kuliko mikono.
"Mchelea mwana kulia," akaniambia, "iliyobaki unaijua.
Mshike kichwa. Dakika mbili tu."

Naijua iliyobaki.
Mimi nami nilishikwa kichwa, nikiwa darasa la tatu,
na hadi leo nikinusa mafuta ya karafuu magoti hulegea.
Nikamteremsha Hawi ngazini, begani,
na aibu ya mwizi ambaye hakuiba kitu.

"Umemchelea," Dani alisema tulipofika Manyatta.
Dani ni mama yangu. Chini, mbele, hana meno sita:
yaling'olewa kwa chuma, alfajiri, akiwa msichana,
bila kuulizwa, bila ruhusa ya kulia.
Huongea kiganja kikiwa mdomoni.
Miaka sitini, kiganja hicho.
Akanyamaza kidogo, akapepeta mchele.
"Kesho nakuja nanyi."

Zahanati ya Nyalenda haina samaki.
Ina benchi, foleni, na dirisha linalozuiwa na jiwe lisifunge.
Daktari Nasambu alivuta kigoda, akaketi
hadi macho yake yakawa chini ya macho ya Hawi.
"Huyo anayegonga, anagonga upande gani?"
Hawi akaonyesha kwa ulimi.
"Nataka kuhesabu. Nianze na meno ya nani?"

Mwanangu akamnyooshea Dani kidole.

Hapo nikatamani sakafu inimeze.
Daktari hakucheka, hakuharakisha.
Alimpa Hawi kile kioo kidogo chenye mkono mrefu,
akangoja.
Na kiganja kikashuka. Taratibu,
kama pazia la nyumba ambayo haijapata wageni.
Hawi akahesabu, akafika kumi na mbili, zikamwishia,
akachungulia tena. "Na hapa," akasema,
"hapa Dani ana mlango."

Dani alicheka, mdomo wazi, mbele ya watu.
Mimi nikajifanya nasoma bango la mswaki.

Siku hiyo hakung'oa kitu.
Alimtajia Hawi jina la kila chombo kwenye sinia,
akamwambia sindano itamuuma kama siafu mmoja,
si zaidi, ila kuuma itauma.
Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikasema, biashara ndogondogo.
Akatazama kucha zangu, nyeusi kwa utomvu,
akaandika kitu, akasema: "Na maji baada ya muwa, Baba Hawi."

Tunarudi Ijumaa, saa tatu.
Sijui kama hatalia. Akilia, alie;
kichwa chake hakuna atakayekishika.

Leo jioni kipingili cha mwisho nimekitafuna mwenyewe,
gizani, kando ya mkokoteni,
upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia
nami pia kuna mtu anagonga.